Swali Moja la Mwalimu wa Gikondo

Siku yangu ya kwanza darasani kwake nilinyimwa parachichi. Alikuwa ameweka juu ya meza parachichi moja bivu na marakuja matatu, yaani pasheni, akawa anatupitia mmoja mmoja, sisi watu wazima tuliobanana kwenye mabenchi ya chumba cha nyuma ya kanisa, Gikondo, akiuliza kwa Kiingereza: which do you prefer? Kipi unakipenda zaidi? Alipofika kwangu nikajibu kama mama yangu alivyonilea kule Bujumbura, kwa adabu, macho chini: any. Chochote. Mwalimu akatikisa kichwa, akageukia darasa na kusema kwa Kiswahili, "Huyu mama hataki kitu," akapita zake. Fundi wa gereji aliyekaa pembeni yangu akasema parachichi, kwa sababu "mimi iko na njaa, Mwalimu". Akapewa, na akalila palepale akilichota kwa mfuniko wa kalamu. Nilitoka mle nimevimba. Nikamwambia mume wangu kwamba yule mzee hana adabu na sirudi tena. Jumatano nikarudi.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo upi, msiniulize. Hapa Kigali mtu haulizwi ovyo mambo hayo, na mimi sikuyauliza. Najua tu kwamba alikulia Tanzania, maana Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha mtu yeyote mtaani kwetu, na tukisema gari iko na shida alikuwa anatukata: "Gari lina shida, au wewe ndiye mwenye shida?" Sote tulimwita Mwalimu. Hata mkewe alimwita hivyo, tena akimgombeza: "Mwalimu, umeacha tena chaki kwenye mfuko wa shati!"

Naandika habari zake kwa sababu kuna jambo linaninyima raha, na mimi si mtu wa kukaa na jambo. Nilijua mzee yule alitaka kuishi wapi uzeeni. Aliniambia kwa mdomo wake. Siku watoto wake walipomuuliza akashindwa kusema, na mimi nimekaa palepale, na mdomo wangu huu ambao Gikondo nzima inaujua nikaufunga. Kwa mwaka na zaidi alilala kwenye vitanda asivyovitaka, na kila nilipofungua duka langu la vipuri asubuhi nilikuwa naona mlango wake ng'ambo ya barabara na roho inaniuma.

Lakini kwanza lile swali, maana bila hilo hamtamjua. Alikuwa na maneno mengi ya kufundisha, vitenzi, nyakati, namna ya kuandika barua ya kuomba kazi, lakini kila alikoanzia aliishia kwenye prefer. Alikuwa anasema watu wanalichanganya na choose, kuchagua, na kwamba hayo ni maneno mawili yenye tabia mbili. Kuchagua kunataka vitu viwe mbele yako. Wamekuwekea viwili, unachukua kimoja, basi, kazi imekwisha. Lakini prefer halingoji mtu akuwekee kitu. "Unaweza kupenda zaidi kitu ambacho hakipo mezani," alikuwa anasema akigonga ubao kwa kifundo cha kidole. "Hata ukikikosa, bado ni chako. Hakuna anayekupa ruhusa." Na kila jibu lilitakiwa kuwa na because yake. Ukisema unapenda chai zaidi bila sababu, unasimama mpaka upate sababu. Fundi wa gereji aliwahi kusimama karibu robo saa, jasho linamtoka, akitafuta kwa nini anapenda Jumapili.

Sisi tulikuwa tunacheka, lakini lilikuwa jambo gumu. Mgeni wa kwetu akiulizwa atakula nini anasema chochote. Ukisema "nataka nyama" watu wataangaliana. Mtoto anayetaja anachotaka anaonekana mlafi, na mwanamke ndiyo usiseme. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mitano, nina duka, nina watoto watatu, najua bei ya kioo cha pembeni cha kila gari linalopita Kigali, na sikuwahi kusema mbele ya watu kwamba napenda hiki kuliko kile. Nilipoanza kusema nyumbani, mume wangu alishika kichwa. "Huyo mzee wako anawaharibu," akasema. Nikamwambia naam, na leo napenda zaidi tusiende kwa shangazi yako, because shangazi yako anapenda sana kunisema.

Hasira za Mwalimu juu ya lile neno chochote niliziona mara moja tu zikitoka zote. Tulikuwa na kijana mmoja darasani, Selestini, mlinzi wa bohari pale chini, ambaye miaka mitatu mizima aliota kazi ya mapokezi hotelini. Alikuwa anafanya mazoezi langoni akiwa na kirungu mkononi, good morning madam, welcome madam, mpaka madereva wa malori wakamzoea. Siku ikaja akaitwa kwenye usaili. Akajibu vizuri kila kitu. Mwishoni bosi akamuuliza tu, kwa upole, kuna nafasi mapokezi na kuna nafasi jikoni, unapenda wapi? Selestini akasema, "Any, sir." Wakampeleka kuosha masufuria. Alipotusimulia alikuwa anatabasamu, masikini, eti kazi ni kazi.

Mwalimu aliweka chaki chini. Akatoka nje. Tukamwona dirishani akienda na kurudi kwenye kile kiwanja cha kanisa, mikono nyuma, anaongea peke yake. Alivyorudi akamwambia Selestini, "Walikufungulia mlango, wewe ukaomba radhi na kuufunga." Selestini akasema, "Yego, ndiyo Mwalimu, lakini ningeonekana najipendekeza." Basi wiki nzima hatukusoma kingine. Mapokezi au jikoni? Mapokezi! Kwa nini? Wiki nzima, mpaka waimbaji wa kwaya waliokuwa wakifanya mazoezi chumba cha pili wakawa wanaitikia wao. Naona aibu kusema nilikuwa nacheka. Yeye hakucheka hata mara moja.

Sasa msidhani alikuwa mtu wa msimamo. Loo! Mtu yule alikuwa hawezi kuchagua hata nyanya. Muuza nyanya wa pale kona alikuwa akimwona anakuja anaketi kabisa, maana alijua ni nusu saa. Anashika hii, anaiacha, anarudi ile ya kwanza, anaondoka na tatu, kesho anakuja kulalamika kwamba zile alizoziacha zilikuwa bora. Kutulia kwenye kiti kimoja alikuwa hawezi. Akija dukani kwangu atakaa kwenye benchi, atahamia kwenye kreti, atasimama mlangoni, atauliza saa, ataondoka, atarudi kusema alichosahau. Nilimwambia, "Mwalimu, unanizungusha kichwa." Akajibu kwamba damu yake haipendi kulala.

Na mchana, sasa, mgahawani! Mnajua melanji za hapa: unapewa sahani moja, unapakua mara moja tu, na unaweka chochote unachoweza kubeba. Mwalimu huyuhuyu wa prefer alikuwa anajenga sahani ambayo watu waliacha kula wamtazame. Chini viazi, juu yake ndizi, wali, makaroni, maharage, sombe ya majani ya muhogo, chipsi zimechomekwa pembeni kama uzio ili vitu visianguke, na kipande cha nyama juu kabisa. Anatembea nayo polepole mpaka mezani, macho hayatoki kwenye sahani. Siku moja nikashindwa kujizuia. Nikampigia kelele kutoka meza yangu, "Mwalimu, chagua basi!" Mgahawa wote ukacheka. Akakaa, akafunga kifungo cha shati mpaka shingoni kama kawaida yake, akaniambia, "Mwanangu, hapa ndipo mahali pekee Kigali ambapo hakuna anayeniuliza. Niache nile."

Kubwa zaidi ni kwamba alikuwa hodari kuchagulia wengine. Alinichagulia simu, alinichagulia shule ya binti yangu, alimwambia fundi wa gereji amuoe yupi kati ya wasichana wawili, na fundi akamuoa yule mwingine, wakanuniana miezi. Nilimuuliza mbona anatufundisha tuseme wenyewe halafu anatusemea. Akasema anajua, ni ugonjwa, mke wake ameshamwambia.

Mkewe ndiye aliyenipa ufunguo wa mambo yote haya, au tuseme alimlazimisha anipe. Tulikuwa tumekaa kwenye kile chumba chao cha kupanga, yeye anachambua maharage, Mwalimu anachonga penseli za darasa kwa wembe. Mama akasema, "Mwambie habari ya popote." Mwalimu akakataa. Mama akasema basi ataisema yeye, na Mwalimu akaogopa ataisema vibaya, akaanza. Walipofika Kigali, bado wageni, alikwenda kuomba kazi ya ualimu. Ofisa akamwuliza, mzee, unapenda tukupange wapi? Shule moja ilikuwa hapohapo Gikondo, mwendo wa dakika kumi kutoka chumbani kwao. Aliiona kwa macho yake kwenye orodha. Mama alikuwa na mimba ya pili na mtoto wa kwanza anaumwa kifua. "Nikasema popote," Mwalimu akasema. "Nilikuwa na heshima nyingi sana siku hiyo." Wakampeleka kwenye shule ya mpakani, akawa anarudi nyumbani kila baada ya miezi mitatu, kwa miaka mitatu. Mama alijifungua bila yeye. Mtoto wa kwanza alipona bila yeye. "Na hakuna aliyenionea," akasema, "waliniuliza vizuri kabisa." Mama akaendelea kuchambua maharage. Akasema tu kwamba miaka ile alijifunza kurekebisha paa mwenyewe.

Mama alifariki chumbani mle, baada ya kuugua kwa muda mfupi tu. Mwalimu alikuwa ameshaacha kufundisha, miguu inamsumbua kupanda mlima. Ana watoto wawili, wazuri wote, siwezi kuwasema vibaya hata nikitaka: Inosenti, mfanyakazi wa ofisini, amejenga Kagugu, na Gorete, muuguzi, amejenga Gahanga kule karibu na mashamba. Kila mmoja alitayarisha chumba cha baba. Kila mmoja alinunua godoro jipya. Na kila mmoja alikuwa anampigia simu kumwambia asimsikilize mwenzake.

Siku chache baada ya matanga nilimkuta amesimama kwenye ukuta wa duka langu, anatazama barabara. Nikamuuliza atakwenda kwa nani. Akasema, "Mimi napenda kubaki hapa." Sikumwelewa. Hapa wapi, Mwalimu? "Hapa. Chumbani kwangu. Nikifungua mlango naona magari yenu mabovu, natukanwa na muuza nyanya, Selestini anapita ananisalimu kwa Kiingereza." Nikamwambia basi waambie watoto. Akasema wakimuuliza atasema. Akaniangalia, akasema, "Na wewe usinisemee. Neno hili ni langu."

Walimuuliza Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Tulikuwa tumetoka kuzibua mifereji, bado tuna tope miguuni, tukaketi chumbani kwake, mimi nimeleta chai kwa sababu jirani ndiye anayeleta chai. Inosenti akaanza, kwa heshima zote: "Baba, tusikuchoshe. Kwangu au kwa Gorete? Sema wewe unapopenda, hakuna atakayenuna." Gorete naye akasema, "Ndiyo Baba. Sema tu." Wakamtazama kila mmoja kwa upande wake, na niliona kabisa kila mmoja ameshika pumzi.

Mwalimu akamtazama huyu, akamtazama huyu. Akahama kutoka kwenye kiti akakaa kitandani. Akasema, "Popote, wanangu."

Nilimkazia macho. Yeye akatazama kikombe. Popote! Mtu aliyemtesa Selestini wiki nzima! Neno lilikuwa limefika hapa, kwenye meno, na nikakumbuka alivyosema nisimsemee, na nikakumbuka pia kwamba mimi ni jirani tu, si damu, na Inosenti ni mtu wa suti. Nikamimina chai. Watoto wakalichukua neno lake kama lilivyo. Kama ni popote, basi wiki mbili Kagugu, wiki mbili Gahanga. Haki sawa. Wakafurahi, wakakumbatiana, na chumba kikarudishwa kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo akawa mtu wa begi. Kila wiki mbili gari linakuja, begi linapakiwa, mzee anahamishwa kutoka kaskazini ya mji kwenda kusini, kutoka kusini kwenda kaskazini. Nilikuwa namwona wakisimama Gikondo kuongeza hewa kwenye matairi, amekaa kiti cha nyuma na begi mapajani. Alikuwa ananipungia mkono. Mara nyingine nilijifanya nahesabu balbu ili nisimpungie.

Mwezi uliopita nilishindwa. Nilifunga duka mchana kweupe, nikapanda pikipiki mpaka Gahanga. Nyumba ya Gorete ni nzuri, ina geti la bluu, bustani ya dodo, yaani mchicha, pembeni. Nilimkuta Mwalimu sebuleni kwenye kochi kubwa, amevaa kandambili za plastiki. Alikuwa amenenepa kidogo na ametulia, na ule utulivu ndio ulionitisha. Nusu saa nzima hakubadilisha kiti. Nilimuuliza habari za miguu, akasema nzuri. Habari za usingizi, nzuri. Nikasema muuza nyanya anakusalimu, akatabasamu, akauliza bado yupo kona ileile, nikasema yupo.

Gorete akaja na Fanta mbili. Mimi akaniuliza kama inavyoulizwa kila nyumba hapa: dada, ya baridi au ya moto? Nikasema ya baridi. Ya Mwalimu akaifungua bila kuuliza, ile ya moto iliyotoka kwenye kreti, si kwenye friji, akamwekea mkononi. "Baba anapenda ya moto," akaniambia, kwa mapenzi kabisa, akamfuta kidevu na leso. Mwalimu akainua chupa. Niliona mkono wake umeishika kama mtu anayeshika kitu cha jirani.

Hapo adabu yangu yote iliniishia. Nikasema, "Gorete, muulize."

"Nimuulize nini, dada?"

"Kama ulivyoniuliza mimi. Muulize."

Akacheka kidogo, akaona sicheki, akaacha. Akamgeukia baba yake. "Baba, ya baridi au ya moto?"

Mwalimu akaitazama chupa mkononi mwake. Nilijua akisema yoyote tu nitaondoka na sitarudi tena katika maisha yangu. Akaiweka ile chupa mezani.

"Ya baridi," akasema. "Na napenda kurudi Gikondo."

Gorete alibaki amesimama na kifungulia chupa mkononi. "Gikondo kwa nani, Baba?"

"Kwangu."

"Chumba kina mtu sasa, Baba. Tulikirudisha."

Nikasema, haraka kabla mtu hajaanza kuomba radhi, kwamba chumba cha mwisho kule uani kiko tupu, ni kidogo, kinatazama jikoni, hakioni barabara. Mwalimu akasema, "Hichohicho."

Gorete akakaa chini, sakafuni, na magwanda yake ya kazi, akalia kwa sauti. "Mbona hukusema? Tulikuuliza! Tulikuuliza vizuri!"

"Mliniuliza mkiwa wawili," Mwalimu akasema. "Ningesema sitaki kwako wala kwake, mngesikia kwamba siwapendi. Nikaogopa." Akanyoosha mkono, akaushika ule wa binti yake. "Nawapenda. Lakini kwenu nimekuwa mgeni, na mimi nimechoka kuwa mgeni."

Gorete alilia vya kutosha, kisha akajifuta kwa leso ileile ya baba yake, akachukua simu. Nilimsikia Inosenti upande wa pili akiuliza kwa wasiwasi kuna nini, Baba anaumwa? "Haumwi," Gorete akasema. "Amesema anapotaka. Si kwangu, na si kwako." Mwalimu alikuwa ameshasimama, ameegemea kochi, anahangaika na kifungo cha shati, anauliza viatu vyake viko wapi, maana hakuwa amevivaa tangu alipoletwa na hakujua vimewekwa wapi. Gorete akaweka simu mezani bila kuikata, akavuta stuli mpaka kwenye kabati, akapanda kumteremshia viatu.